Usifute Jina Lako Ijumaa

Chumba cha mafundi, hospitalini
Jumanne, saa nne asubuhi

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye mashine yako ya kutoa nakala. Natumaini u mzima, na kile kikohozi cha vumbi la wino kimekuachia. Na mama yako je, goti linamruhusu kupanda ngazi? Mwambie kaka yake bado yupo, anadunda, ingawa wiki hii shati limeanza kumpwaya. Mwili wangu hauna neno. Neno lipo kwingine, nami nitalifikia, usiniharakishe, unanijua.

Jana mama yako alinipigia simu kuniambia kwamba Ijumaa unakwenda kufuta jina lako kwenye mtihani wa kile cheti cha awali cha kompyuta. Nilipomuuliza sababu, akasema kwa kujivuna kwamba mjomba mtu mzima kashasema karatasi haina kazi. Nikaaga haraka, nikakaa chini. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu ulimi wangu hukimbia kuniacha. Kalamu angalau naishika mkia.

Ni kweli nilisema. Nilisema sebuleni kwenu, mguu juu ya mguu, kwamba mimi niliyeishia darasa la saba nimewafundisha kazi watu wenye vyeti vya kujaza kabati. Nikakusimulia ile printa iliyokufa miaka mitatu, nilivyoizaba kofi moja ikafufuka na kutapika barua za watu waliokwisha kustaafu. Nikakusimulia nilivyotega sikio kwenye kompyuta ya mhasibu, nikajua kwa mlio tu kwamba feni imechoka. Ya feni ni kweli, naapa. Ya printa, waya ulikuwa umelegea. Barua ilikuwa moja.

Sasa sikiliza. Hapa tuko mafundi wawili. Mwenzangu ni binti wa rika lako, aliingia mwaka jana akiwa na cheti hicho hicho unachotaka kukikimbia. Nikambandika jina la Cheti, na hospitali nzima ikalishika, mpaka jikoni. Siku yake ya kwanza alimaliza saa nzima akihangaika kufunga kichwa cha kebo, kazi ninayoimaliza huku nimeshika kikombe cha chai. Nikawaita manesi waje waone elimu ikitoka jasho. Walicheka sana. Yeye naye alicheka, kisha akaniomba nimwoneshe tena. Nikamwonesha, na sasa ananizidi. Tena ana daftari lake: kila anachokigusa anaandika siku, saa, chumba na alichofanya. Nilimuuliza kama anaandika wosia. Akasema hapana mzee wangu, anamwandikia atakayekuja akiwa na haraka.

Alhamisi iliyopita mwenye haraka alikuwa mimi.

Seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kulia. Ndani ina diski mbili zinazobeba mambo yaleyale, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Kwenye skrini paliandikwa kwamba diski namba moja imeharibika. Cheti alikuwa wodi ya wazazi. Nikampigia, akaniomba nisiguse kitu, yuko njiani. Nisiguse! Mimi! Ufunguo wa kabati la seva alikuwa ameuacha mezani. Nikafungua, nikahesabu kutoka kushoto kama nilivyofundishwa darasa la kwanza, nikashika ya kwanza na kuivuta kwa madaha. Wala hapakuwa na mtu wa kunitazama; nilikuwa najionesha mwenyewe.

Mpwa wangu, mashine ile haianzii moja. Inaanzia sifuri. Ya kwanza ni sifuri, ya pili ndiyo moja. Niling'oa nzima nikaacha mbovu. Skrini zote zikaganda. Nikairudisha kwa pupa, ikaniuliza swali refu, nikakubali bila kulisoma, na hapo ndipo nilipomaliza kuua. Nikalirudishia kabati mlango, nikatoka. Kwenye dirisha la dawa mama mmoja aliulizwa mwanawe ana uzito gani na dawa ipi humdhuru. Akasema si mliandika wenyewe. Nilipita nyuma yake nikiangalia viatu vyangu.

Cheti alihangaika siku mbili, akarudisha karibu kila kitu kutoka kwenye nakala za akiba anazozitoa kila Jumatatu, zile nilizokuwa nikimtania kwamba anampikia mgeni mmoja vyungu viwili. Siku tatu za kumbukumbu hazikurudi. Akaniambia taratibu kwamba aliyefanya hivi alihesabu kuanzia moja, na kwamba jambo hilo ni somo la wiki ya pili. Nikasema duh, watu wengine bwana.

Basi nimelifikia lile neno. Mganga mkuu aliuliza nani alifungua kabati. Kwenye kitabu cha funguo aliyetia sahihi ni Cheti. Mimi nilisema nilikuwa kwenye printa. Kabla hata sijaulizwa, nilisema. Jana binti kapewa barua ya kusimamishwa, na leo saa nane anaitwa kujieleza. Amepita hapa kuchukua kikombe chake, kaniamkia kama siku zote.

Na lingine, ambalo hata mama yako halijui. Mtihani huo nimeufanya mara mbili, nikaanguka zote mbili, maana nilikwenda na masikio yangu bila kufungua kitabu. Karatasi niliyokwambia haina kazi ni ile iliyonikataa.

Sikudanganyi tena kwamba cheti kitakufanya mkubwa. Utaanza kwa kupokea simu za watu ambao hawajawasha mashine, na wiki ya kwanza utatoka jasho kama Cheti. Lakini hapa, nafasi ya Cheti ilipotangazwa, hawakuita kwenye usaili mtu asiye nacho. Maombi niliyapanga mimi mwenyewe, najua. Na ndani ya masomo ya cheti hicho kuna mambo ambayo mikono yangu ya miaka ishirini haikuyajua. Ukiwa na sababu yako ya kufuta jina, futa. Usilifute kwa maneno yangu.

Daftari la Cheti limebaki hapa mezani. Nimelifungua ukurasa wa Alhamisi, nikaandika kwa mpangilio wake: saa tano, chumba cha seva, fundi mzee amevuta diski sifuri, akakubali swali bila kusoma, akanyamaza. Nimetia sahihi. Saa nane nitaingia nalo kwa mganga mkuu kabla yake.

Barua hii naikabidhi kwa dereva wa gari la dawa. Ameniahidi Alhamisi utakuwa nayo. Mpe mama yako pole ya goti, na umsomee yote, usiruke. Mkinicheka nitakuwa nimestahili. Niombee ulimi wangu leo usikimbilie kwenye printa.

Ni mimi mjomba wako,
aliyehesabu kuanzia moja.