Vishikwambi Vimerudi Bubu

Vuyokazi, uko wapi? Yule Ndzuta, mshauri wa teknolojia kutoka wilayani, leo kanitibua nyongo!

Si alipanga mradi wa ukoo? Kila mtoto aende na kishikwambi nyumbani, amrekodi mama yake akimtaja baba mkwe kwa jina.

KWA JINA. Huku Engcobo, ambako mke halitamki kamwe jina la baba mkwe! Mama yangu kazeekea kwenye ndoa na hajalitamka jina la babu hata ndotoni.

Basi vishikwambi vimerudi bubu. Unasikia kuku, unasikia mama wa watu anacheka kwa haya, halafu kimya.

Mtaalamu akatusonya sisi walimu: "Wazazi wenu washamba, hata kurekodi hawajui. Wapeni watoto sifuri."

Washamba! Na yeye kwao ni ng'ambo ya mto tu, shoga. Cha mjini ni hiyo suti.

Nikamwambia mbele ya walimu wote: "Sawa, bwana mtaalamu. Mpigie mkeo sasa hivi, weka spika, mwambie amtaje baba yako kwa jina."

Akatoa simu. Akaitazama weee.

Akairudisha mfukoni.

Kaondoka na sifuri yake.