Kopo Lililogonga Kanisani

Babati, Jumatatu asubuhi

Kwako Dada Atu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia na umeshaanza kuuliza, "kafanya nini tena huyu?" Basi kaa kwanza, teremsha sufuria, maana ukisoma huku unapika maharage yataungua, na yako huungua hata bila barua. Habari za Tukuyu? Kifua cha Mama kimetulia na hiyo baridi? Shemeji bado anakoroma mpaka kuku wanahama banda? Mimi mwili ni mzima, nakula, hata nimenenepa. Ila roho haipo mahali pake, dada. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na Mama anasikia kila kitu.

Nimekaa kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha upasuaji. Aliyeko ndani ni Baba Eliya, mwenye nyumba ninayopanga huku Nangara. Asipotoka mzima, na mimi nitakuwa na mkono wangu humo. Ngoja nikueleze, usinikatize.

Unajua nafanya kazi kwa Fundi Yona pale Bagara, tunatengeneza redio na sabufa. Usichojua ni kwamba Fundi ana mapenzi yake ya pembeni. Anaunda mitambo midogo ya redio ya kuwasiliana na watu wa mbali, kwa kujifurahisha tu. Leseni yake ameiwekea fremu ukutani na hakuna anayeruhusiwa kuiegemea. Mtambo wake nguvu zake hazifiki hata za taa ya pikipiki. Haongei kwa mdomo, anabonyeza kitufe: mlio mfupi, mlio mrefu, kila herufi na milio yake. Siku moja nilimsikia kwa masikio yangu haya mtu wa Afrika Kusini akimjibu. Kwa umeme usioweza kupasha kijiko cha chai! Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Miezi mitatu tu nikawa nazijua herufi zote, mimi niliyeishia kidato cha pili. Fundi mwenyewe alikiri kwamba nina sikio. Alisema nina mdomo pia, lakini hilo tuliache.

Nikaunda wa kwangu. Vipuri nilivitoa kwenye balbu zilizokufa, waya nikauzungusha kwenye kichupa cha dawa, kitufe nikakichonga kwa kipande cha msumeno wa chuma, vyote nikavipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga. Fundi akaligeuzageuza, akagusa risasi ya kuunganishia nyaya hapa na pale, akasema, "Limekaa vizuri. Sasa utasikiliza tu. Leseni huna. Mkono wako usiguse kitufe kama mimi sipo."

Nikasema ndiyo, Fundi. Unanijua nikisema ndiyo.

Alhamisi Fundi akaenda msibani Katesh. Hata vumbi la basi halijatulia, nimeshapanda juu. Nyuma ya duka letu kuna kanisa, na kanisa lina mlingoti wa spika, mrefu kuliko kitu chochote mtaani. Waya wake wa kurushia mawimbi Fundi kaufunga chini chini kwenye mti wa mgrevilea. Nikasema mzee huyu hana akili ya juu. Wangu nikaufunga kwenye mlingoti, tena nikausokota pamoja na nyaya za spika ili upepo usiutikise. Nilijisifu kwa sauti, dada. Kisha nikavaa hedifoni nikabonyeza kama nusu saa. Hakunijibu mtu. Nilipozivua nikasikia kelele kanisani, wanawake wanalia. Nikasema leo mahubiri yamewaka. Nikafungua waya wangu, nikanunua maandazi, nikarudi nyumbani.

Nikamkuta Mama Eliya anacheza uani na mwiko mkononi.

"Amba! Mungu amejibu!"

"Amejibu nini, Mama?"

"Hatumpeleki! Nilisimama pale mbele nikasema, Bwana, kama hutaki mume wangu akatwe kisu, nionyeshe. Sijafunga mdomo, spika ikagonga! Tu, tu, tuuu. Kanisa zima limesikia!"

Andazi nikalirudisha kwenye karatasi.

Baba Eliya ana ngiri. Daktari alishasema isisubiri, ikikaza utumbo inaua, akampangia Jumatatu hii. Yeye ni mtu wa Hanang, amekulia nyuma ya ng'ombe, simba haogopi ila kisu anakiogopa. Mama Eliya ndiye aliyekuwa anamsukuma aende, mpaka akaanza kusita naye, kwa sababu kaka yake aliwahi kuingia chumba kama hiki hakuamka. Sasa mimi na kopo langu tumemwamulia.

Ningesema palepale yangeisha. Sikusema. Niliogopa kanisa watanipiga, niliogopa Fundi atanifukuza, niliogopa kumwambia yule mama kwamba aliyemjibu ni mpangaji wake. Nikala ugali wake nikiangalia sahani. Ijumaa Baba Eliya akaacha kwenda shamba. Jumamosi asubuhi nikamkuta amekaa chini bandani, kashika tumbo, ndoo ya maziwa imemwagika, jasho linamtoka na huku kuna baridi. Akanitazama akacheka kidogo.

"Ng'ombe akivimba hivi huwa hatubishani, tunashika kisu," akasema. "Usimwambie mama yako huyo ndani."

Dada, sikungoja amalize. Nikakimbia kutoka Nangara mpaka Bagara, Fundi ndiyo kwanza anafungua duka, bado ana nguo za safari. Nikamwaga yote bila kupumua.

"Waya uliufunga wapi?"

"Kwenye mlingoti wa spika."

"Pamoja na nyaya zao?"

"Nilizisokota."

Akakaa kwenye stuli. Nilingoja kofi, nikaona bora lingekuja. Akasema taratibu, "Kila ulipobonyeza, nguvu iliingia kwenye amplifaya yao. Ulikuwa unagonga mlango wa kanisa kwa nyundo, na masikio umeyaziba." Kisha akaitazama ile leseni ukutani. "Hili nitawaandikia mwenyewe walioitoa. Wakiitaka, wachukue. Lakini kwanza yule mgonjwa."

Mchungaji mwenye funguo za spika Jumamosi hakuwepo, basi Jumapili baada ya ibada tukabaki kanisani: mchungaji, wazee wawili, Mama Eliya, na Baba Eliya amejikunja kwenye benchi la nyuma ndani ya shuka lake. Fundi akaufunga waya kama nilivyoufunga mimi, wakawasha spika, akakaa mbele ya kopo langu akabonyeza yeye mwenyewe. Tu, tu, tuuu. Mzee mmoja wa kanisa akanishika kola. "Mtoto umechezea madhabahu!" Mchungaji akamtoa mkono.

Mama Eliya yeye hakutikisika. Alisimama kifua mbele, akasema, "Na iwe kopo. Mungu hawezi kutumia kopo?"

Mchungaji akafungua Biblia, akaifunga tena. Nikamwona Baba Eliya anafumba macho, nikasema moyoni basi, nimeshamzika mtu.

Ndipo Mama Eliya akanigeukia mimi. "Kopo lako lilikuwa linasema nini?"

"Nilikuwa naita, Mama."

"Unamwita nani?"

"Yeyote. Tunabonyeza hivyo kuuliza kama kuna mtu anatusikia. Halafu unaweka jina lako."

"Kuna aliyekujibu?"

"Hakuna."

Macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa upande wa khanga.

"Kumbe ulikuwa unauliza," akasema. "Mimi nauliza, na wewe unauliza. Basi hilo halikuwa jibu." Akamfuata mumewe kule nyuma. "Baba Eliya, simama. Kesho tunakwenda."

"Na wewe huogopi?" mumewe akamuuliza.

"Naogopa. Simama."

Ndiyo tuko hapa. Wamemwingiza saa mbili na nusu, sasa saa nne imeshapita. Daktari alipomgusa asubuhi hakufurahi, alisema imeanza kukaza, akauliza kwa nini hakuletwa mapema alipozidiwa. Mama Eliya hakunitazama. Mimi nilitazama sakafu. Zile siku mbili nilizokula ugali nimenyamaza ninazihesabu tangu asubuhi, dada, na haziishi. Nilitaka nikakae kule kwenye geti, akanivuta shati. "Kaa hapa. Ukinikimbia sasa ndiyo nitakuchukia." Basi nimekaa. Kila mlango ukilia tunashtuka wote wawili.

Fundi kalifungia kopo kabatini mpaka nitakapofanya mtihani wa leseni, kama yeye mwenyewe atakuwa bado na yake. Sijamlalamikia. Shangaa.

Mama usimwambie kwanza, mwambie tu nakula vizuri. Msalimie Babu wa mizinga, mwambie huku asali wanauza ya maji maji. Msalimie Shangazi wa ndizi, na Shemeji, na mpwa wangu Neema, mwambie mjomba bado ni mtanashati kuliko wote Babati, ingawa leo hajanawa uso.

Na jioni mkikusanyika, mwombeeni Baba Eliya. Mwombeni apone, mseme amina, mle mlale. Ishara msiombe, dada. Nakusihi.

Mimi mdogo wako mwenye mdomo, ambaye leo umemkauka,

Amba