Mama, Nimekikalia Kinu Chako

Mama,

Jana tuliganduka, tukauvua msiba wako. Unaikumbuka desturi hii ya kina Baba, uliyokuwa ukiishangaa: mwaka ukipita ndugu wanakusanyika, pombe ya ndizi inamwagwa kidogo chini, msiba unavuliwa, kisha mtu anasimama kusema mambo ya marehemu yatakavyokuwa. Mambo yako yalikuwa mawili: kinu chako na mimi.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nisamehe. Sista hutufundisha kuanza barua kwa upole, lakini leo upole umenishinda.

Hukuiona bendera mpya. Usumbura sasa inaitwa Bujumbura, na shuleni tunaambiwa kila siku kwamba nchi inatungoja. Sista alitupa insha: kwako wewe, kufaulu ni nini? Niliandika kwamba kufaulu ni kuwa mwalimu, kuwa na nyumba ya matofali na bati, na kuheshimiwa na watu. Nikapata kumi na nane juu ya ishirini. Nilirudi njia nzima ya ufukweni nikiuma mdomo, maana hakuna neno hata moja lililokuwa langu. Bati ni la Baba mdogo. Heshima ni ya Sista. Mimi niliyaunganisha tu kwa mwandiko mzuri.

Baadaye nikapata nafasi katika shule ya ualimu ya Bujumbura. Hapo ndipo kila mtu alipoanza kusema kwa kinywa chako.

Jana Baba mdogo alisimama. "Marehemu alitaka huyu mutoto asome, awe mukubwa, atujengee."

Bibi akamkatiza. "Uongo! Mukazana wangu, muke wa mutoto wangu, alitaka Domitila aolewe hapa Gatete, karibu na mimi. Kichwa chake iko kimejaa tayari. Mutaongeza nini tena?"

Watu wakacheka. Baba alikaa kimya, kama anavyokaa tangu uondoke.

Mimi nilikuwa nagawa pombe, kibuyu mkononi, na niliyemkasirikia ni wewe. Kwa nini hukuniambia? Ulinifundisha kutwanga chikichi, kuengua mafuta yanapopanda, kuosha mikono kwa majivu. Juu ya maisha yangu, hata neno. Mwaka mzima nimetafuta katika yote uliyowahi kunena, nipate jambo la kuwajibu. Sikupata.

Ninachokumbuka ni jinsi ulivyokuwa ukimaliza. Mafuta yakishapoa, unakipindua kinu, unakikalia, chai mkononi, uso kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Bibi aite, Baba mdogo aite, hata mnunuzi wa mawese aite. "Ngojeni," unasema, "niko nakaa."

Bibi alikuwa anapanda na kushuka kwa hasira. "Mwanamke hakalii kinu! Ni mwiko! Tazameni Mukongomani huyu, anakaa kama chifu!"

Nawe: "Kinu ni changu, mama mukwe. Nilikivusha toka kwetu Baraka, kikanikalia mapajani mtumbwini njia nzima. Leo ni zamu yangu."

Mama, niliweka kibuyu chini. Nikakipindua kinu chako, kilichowekwa katikati yetu, mbele ya wote, nikakaa.

"Shuka!" Bibi akapiga kelele. "Anayekalia kinu anamuua mama..."

Hakumalizia. Hakuna aliyethubutu kummalizia.

Kisha nikasikia sauti ya Baba. "Muacheni. Iko anakaa."

Wakanitazama, wakingoja. Nilidhani maneno mazuri yatanijia, kama kwenye insha. Hayakuja. Nilisema tu: "Nitakwenda shule. Yatakayofuata nitayasema mwenyewe, na si leo." Baba mdogo alikunja uso. Bibi hajanisemesha mpaka sasa, na namwonea huruma, kwa kuwa najua alimlilia mukazana wake kuliko wengi.

Na bado sijui kujibu swali la Sista. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kwa jibu nililo nalo asingenipa hata kumi: kufaulu ni kumaliza kazi iliyo yangu, halafu nikae, na nisiinuke kabla chai yangu haijaisha. Labda ni kidogo mno. Labda nitakapokua nitakuwa na jibu refu zaidi. Lakini kidogo hiki sikukinakili kwa mtu. Nilikiona kwako, na jana nikakikalia mwenyewe.

Bibi alikuwa amekiomba kinu. Baba amekiweka chini ya paa letu, akasema kina mwenyewe, kitamngoja.

Naondoka Jumatatu. Pumzika, Mama, kaa vizuri huko uliko. Siku nitakayomaliza kazi niliyoichagua mimi, hata iwe kufundisha darasa moja tu la watoto wadogo, nitarudi hapa Gatete, nitakipindua kinu, nitachemsha chai. Na atakayeniita, atangoja.

Mwanao,
Domitila