Mguu Hadi Wapi

Kaka yangu,

Watoto hawajambo, na bati lililokuwa likivuja nimeliziba. Kazi ni ileile: nawapa watu wa lugha mbalimbali mchoro wa mwili, nao wanapaka rangi sehemu inayotajwa na kila neno.

Wiki iliyopita daktari wa Mama, ambaye hajui lugha yetu, alisema kidonda chake cha unyayoni kimeoza, wakate kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini. Nilikuwa na haraka, nikamtafsiria Mama: "Watakukata mguu." Akagoma kabisa. Siku ya tatu nikampa mchoro na penseli anionyeshe alivyoelewa. Akapaka kuanzia vidoleni mpaka nyongani.

"Ni hapa tu, Mama," nikamwonyesha kifundo.

"Unanibembeleza kama mtoto."

Jana ndipo aliponiamini, akakubali. Leo daktari amepima tena: uozo umepanda, sasa watakata juu ya goti. Mama bado hajui. Upasuaji ni kesho asubuhi, na nikikaa kitandani kwake naishia kumnyoosha shuka. Ukiipata barua pepe hii, mpigie Mama papo hapo umweleze. Mimi hataniamini mara ya pili.

Dada yako, niliyekosea neno moja.