Rimu ya Tano

2 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko, na za kifua chako? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka nikasahau nilichokupigia. Sisi huku tu wazima, ila magoti yananikumbusha umri kila nikiinama chini ya gari, na siku hizi nainama sana.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza. Mbio za magari za ridhaa za klabu yetu ni tarehe 12 Aprili. Mwaka jana nilimaliza wa kumi na moja kati ya kumi na wanane, na aliyenipita mzunguko wa mwisho ni daktari wa meno. Daktari wa meno, mdogo wangu. Gari lake na langu ni pacha, injini ileile, hata rangi. Tofauti iko chini. Yeye amefunga rimu nyepesi, mimi bado nazungusha vyuma vilivyokuja na gari, kilo nane na nusu kila kimoja. Kilo moja kwenye gurudumu ina kazi mbili: injini iisukume iende mbele na pia iizungushe, na breki nazo zipambane nayo vilevile. Barabara ikiwa na mabonde, gurudumu zito linaruka-ruka na tairi inaacha kushika lami. Haya unayajua kuliko mimi. Nayarudia nijisikie nina haki.

Nimepata rimu za aloi, ile alumini ya kuchanganywa, kwa Mzee Spoki, muuza vipuri wa nyuma ya stendi. Ziko tano, nne na ya akiba, zimetumika kidogo. Anasema kila moja ni kilo tano na robo. Sikumwamini. Nikajipima kwenye mizani ya bafuni, kisha nikajipima tena nimekumbatia rimu. Ikatoka kilo sita na nusu. Nilishaanza kumwandikia barua ya kumchana ndipo mke wangu akauliza kama kati ya vipimo hivyo viwili sikula chakula cha mchana. Nilikuwa nimekula.

Wewe huu ni mwaka wa tisa unakagua rimu kiwandani. Niambie ni nzuri, nizifunge. Situlii.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kifua kimepoa, ni vumbi la kusagia aloi tu. Msalimie wifi, mwambie nimemshukuru kwa niaba ya Mzee Spoki.

Hukuniuliza, umeniagiza. "Niambie ni nzuri" si swali.

Geuza rimu uangalie nyuma ya spoki, ile mikono ya katikati. Lazima kuwe na maandishi madogo yanayoonyesha uzito inaoruhusiwa kubeba. Kama hayapo, mrudishie mwenyewe leo hii. Halafu anza na tairi, maana kasi unayoitafuta iko kwenye mpira kabla haijafika kwenye rimu. Tafuta tairi laini, na usome tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki iliyotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa imekaa dukani miaka mitano ni ngumu kama kandambili, hata muuzaji akuapie. Na upime upepo ukishazunguka mara tatu nne, tairi ikiwa ya moto.

Sasa linaloniudhi. Nimekaa jukwaani nikakuona. Wewe hukata kona kwa kupanda ukingo wa zege. Daktari wako wa meno hapandi. Rimu ya chuma ikigongwa hivyo hupinda, unarudi nyumbani umenuna. Aloi nyepesi ya kusubu, ya kumiminwa kwenye kalibu, inaweza kupasuka, na ikipasuka upepo wote hutoka kwa pumzi moja. Kazini navunja rimu nane kwa siku. Ile sauti naijua.

Nitumie ya tano. Huku tunaifunga tairi, tunaitega chini ya mashine na kudondosha uzito kwenye mdomo wake. Ipite au isipite, hiyo haitarudi barabarani tena. Lakini zile nne zilizosubiwa pamoja nayo tutajua ni za namna gani.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo, na kazi inakwendaje? Hapa hatujambo, ila wifi yako amehamishia mizani chumbani na kuifungia.

Maandishi yapo, yamezibwa na rangi. Nimekwangua, nikapata tarakimu ya kwanza na ya mwisho, ya katikati imelika. Unaona mnavyotutesa nyinyi wakaguzi? Kitu kizima mnakivunja ili mjue ni kizima, kisha mnatuambia kinachobaki ndicho salama. Kwa akili hiyo tungemwangusha mtoto mmoja ghorofani tujue kama ndugu zake wana mifupa. Nimesoma vitabu vitatu kuhusu namna metali inavyochoka, na kila mwandishi anampinga mwenzake, mpaka nikajisikia niko nyumbani.

Pamoja na hayo, nimeitia ya tano kwenye gunia, nimeikabidhi kwa basi la kesho. Tairi nimenunua ulivyosema, laini, za mwaka huu, wiki ya nne. Mtu wa duka alinitazama nikipiga magoti na tochi kana kwamba natafuta pete.

Nabishana na kila mtu, hata anayenisalimia. Na wewe sibishani hadi mwisho, kwa sababu wewe unapima. Ukisema imepasuka, hizi nne sizifungi. Ukisema imepita, nafunga siku hiyohiyo. Fanya haraka.

Kaka yako


29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Imepasuka. Spoki mbili, na upepo ukatoka papo hapo. Usizifunge hizo nne. Endesha na vyuma vyako, tairi mpya zitakutosha.

Nina kazi nyingi wiki hii.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Je, kifua? Wifi yako anakuletea salamu, na anasema sasa anaweza kuvuta pumzi, mbio zimekwisha.

Wa tisa. Tairi zako zimenipa nafasi mbili nikiwa na vyuma vilevile. Mzunguko wa sita nilipanda ukingo kwenye kona ya tatu, kama ulivyosema napanda. Rimu ya mbele ikapinda kama kifuniko cha sufuria na ikanifikisha. Nikawaza ingekuwa ile aloi.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Spoki na zile nne. Nikamwambia, "Umeniuzia jeneza la vipande vinne."

Akasema, "Hizo nimezifunga kwenye gari langu misimu miwili. Uliiona ikipasuka kwa macho yako?"

"Dada yangu ameiona."

"Dada yako ni nani?"

"Mkaguzi wa kiwanda cha rimu. Miaka tisa."

Akatoa zangu nne kwenye gunia, akazipanga, akanirudishia pesa zangu.

Mimi sikuishia hapo. Nimeandika ukurasa mzima kwenye jarida la klabu lililotoka juzi: "Muuza Vifo wa Nyuma ya Stendi." Jina lako sikulitaja, nimetaja cheo chako. Watu wamembana. Watatu wamemrudishia rimu, na jana nimepita nikakuta ameshusha mlango nusu, saa tano ya asubuhi. Nipigie picha ile rimu iliyopasuka, toleo lijalo nataka iwe jaladani.

Kaka yako


8 Mei

Mdogo wangu,

Uko salama? Wiki ya tatu hii. Mhariri ananiuliza picha kila siku, na mimi siwezi kukaa kitini. Hata picha ya simu inatosha.

Kaka yako


21 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea. Sina ugonjwa. Nimekuwa nikianza barua hii na kuichana.

Picha haipo kwa sababu rimu haikupasuka. Haikupigwa. Iko chini ya meza yangu ya kazi, ndani ya gunia lako, nililolifunga siku ile na sijalifungua tena.

Niliifunga tairi. Niliitega kwenye mashine, uzito ukiwa juu, mkono wangu kwenye wenzo wa kuuachia. Nikajua kwamba ikistahimili utazifunga nne siku hiyohiyo, uliniandikia hivyo, halafu utapanda ukingo, na ndani ya gari mtakuwa wewe na neno langu. Rimu moja kupita haimaanishi zote zitapita kila siku kwa kila kona. Nilitaka kukuandikia hilo, lakini wewe ungelijibu kwa kurasa nne na ungeshinda. Nikaishusha. Nikaandika imepasuka. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na hilo ndilo linalonitisha.

Sikumfikiria muuzaji. Nilidhani ni jambo la mimi na wewe, utanuna, basi. Sikujua utalipeleka jaridani, ingawa mtu anayekujua angejua. Kuanzia ile barua ya Aprili nikigonga muhuri kwenye ripoti natazama mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Fanya utakavyo. Ukiandika ukweli wote, nitafukuzwa, na hawatakuwa wamenionea.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo. Sisi hatujambo. Wifi yako amesoma barua yako, akaniuliza kwa nini mtu aone ni rahisi kunidanganya kuliko kunijibu. Nikamjibu kwa hasira, kisha nikasikia nilivyojibu.

Nimeandika jaridani kwamba kosa ni langu, kwamba nilikurupuka kuandika kabla majaribio hayajafanyika. Cheo chako nimekiondoa. Usinishukuru. Sijafanya hivyo kwa upole. Gari langu jingine, lile la familia, rimu zake zina muhuri wa kiwanda chenu, na nataka niendelee kuuamini.

Toleo lilipotoka nikampelekea Mzee Spoki mwenyewe. Alikuwa anafagia. Akasoma amesimama, akageuza upande wa pili, akakuta tangazo la oili.

"Kunitukana ulihitaji ukurasa mzima," akasema. "Samahani imekutosha mistari sita?"

Nimeomba ukurasa mzima toleo la Juni, na kuandika huo ni kazi ngumu kuliko yoyote niliyowahi kuifanya. Kila sentensi inaanza kujitetea.

Nimemwomba tena zile nne. Kanipa, bila kunitazama. Ziko sebuleni. Mbio nyingine ni Julai, na nikizipita nazigusa kwa mguu. Zamani ningekuuliza wewe. Sasa ukiniambia ni nzima nitadhani unataka kujisafisha, na ukiniambia ni mbovu nitadhani umeogopa. Nimuulize nani?

Kaka yako


6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimeipokea, nimeisoma kwenye foleni ya basi, likanipita.

Usimuulize mtu. Njoo. Nimemwambia msimamizi wangu kwamba kuna rimu ya ndugu yangu niliyoitolea neno bila kuipiga. Sikumficha chochote. Amenitoa kwenye mashine kwa miezi mitatu, nabandika lebo stoo, na muhuri wangu wa ukaguzi hajaninyang'anya mpaka atakapoamua. Ya tano itapigwa Alhamisi tarehe 19, saa nne. Mwenzangu ataitega na kusaini ripoti. Wenzo utauvuta wewe mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma ya mstari wa njano pamoja na wageni, sitaigusa. Mzee Spoki naye nimemwandikia. Hajajibu.

Ikistahimili, Julai nitakuwa nimesimama kona ya tatu, na sitafumba macho. Ikipasuka utaisikia ile sauti, na utaelewa hofu ambayo nilipaswa kukuandikia Machi badala ya ule uongo.

Siku hizi nikianza kuomba naishia katikati. Sijui niombe ipasuke au isipasuke.

Uje na viatu vya kufunika vidole. Getini hawapokei ndara.

Mdogo wako