Ukuta ya kuruka

Martine, uko? Solange, mudogo yetu, ametoka hapa sasa hivi, analia.

Alikuwa anauzisha chai yake ku kartiye ya Mbunya. Ma-supporter ya timu yetu wakaikala pale, wakaanza kumusema kocha. Kocha ni Katsuva, bwana yake! Akaendelea kuwapa chai, akawaza hawajue kama yeye ni bibi yake.

Weye unajua, huku wachezaji wanaruka ukuta ya stade, juu ya kuogopa dawa ya uchawi yenye adui anazika ku mulango. Katsuva alikatala ile mambo ya kuruka. Dimanche, siku ya match, akawapitisha ku mulango, wakapigwa trois-zéro, bao tatu kwa bure.

Supporter mumoja akasema: "Anacheza na défenseur mbili tu ku nyuma! Ile ni tactique gani?"

"Acha défenseur. Ni mulango! Ametuuzisha kwa adui."

"Chef akiwa hasikie watu yake, watamufanya nini?"

Hakuna mutu alicheka, Martine. Hata mumoja.

Solange akamimina chai, kikombe ikajaa, ikamwangika, yeye hakuona.

Wakasimama. Kamate, ule wa kupiga ngoma ya ma-supporter, akamurudishia kikombe mu mikono, pole pole kabisa: "Aksanti, mama. Ambia bwana yako, siye kuruka tunajua. Na ukuta ya nyumba yenu kule Bigo iko mufupi."

Martine, ile ukuta iko mufupi kweli.