Tope la kwetu kwenye friji ya Nekesa

Baba Nekesa,

Salamu kutoka Kayole, ambako hata maji ya chai hununuliwa kwa mtungi. Jana nilifungua friji ya binti yako kutafuta maziwa, nikakuta bomba la plastiki limejaa tope, limeandikwa jina la kijiji chetu. Nani huchukua udongo wa boma la watu akaenda kuuficha, kama si mchawi?

"Mama, hii ni kazi yangu ya utafiti," akasema. Alilididimiza bomba hilo Krismasi kwenye kinamasi chetu, akalitoa limejaa tope. Eti unga wa maua hunasa topeni na hauozi, na tope la chini ndilo la kale zaidi. Akaniinamisha kwenye hadubini, akanieleza: chini kabisa palikuwa msitu mzito, juu yake nyasi, kisha mahindi. Sikumwamini, nikamtega: "Na mikaratusi ya babako?"

"Hiyo imo kwenye tope la juu tu, Mama, pale kinamasi kinapoanza kukauka."

Wewe si uliniapia kwamba iliota yenyewe tangu enzi za mababu? Na mimi nabeba ndoo za maji kutoka ng'ambo ya kilima!

Nakupenda, mume wangu. Nikirudi nikukute umeshanoa shoka.

Mama Nekesa